Hakuna Aliyetazama Mkono

Ngamiani, Tanga
Januari 2026

Wajukuu zangu wawili, mume wangu na mke mwenzangu,

Niliwaomba karatasi, mkaniletea simu. "Bibi, wewe sema tu, itaandika yenyewe." Nikasema "Wosia wa Bibi", ikaandika "Wosia wa bia". Mimi, na umri huu, na tasbihi mkononi. Nikaizima, nikamtuma mtoto wa jirani daftari la mistari, ndilo hili. Mwandiko unayumba, lakini kila neno nimeliweka mwenyewe.

Habari ya nyumba na vitu vya ndani imo kwenye mirathi, na mirathi ina hesabu zake, sina la kuongeza. Ninaloandika hapa ni la ile picha.

Nianze na wewe, mume wangu, maana ndiwe uliyeirusha kwenye kundi la ukoo. Usishtuke. Najua tangu siku ile ile.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi Julai, wakati wa kura za maoni, dada yako amechukua fomu ya udiwani. Nilikuwa jikoni nimeketi juu ya mbuzi nakuna nazi. Simu ikalia. Picha ya dada yako, nguo ya maana hana, amekaa juu ya kitanda nisichokijua, chupa mkononi. Chini yake: "Diwani wetu mtarajiwa", na vikatuni vitatu vinavyocheka hadi machozi. Juu ya picha vishale viwili, ambavyo siku hiyo sikujua maana yake. Nikafuta miwani kwa ncha ya kanga, nikaitazama. Mimi nilitazama mkono wa kushoto.

Dada yako alipokuwa na miaka sita alivuta karai la maandazi, hapa hapa jikoni kwangu. Kovu linaanzia kwenye kiwiko linateremka karibu na kiganja, limejikunja kama karatasi iliyolowa ikakaukia juani. Nilimpaka asali siku arubaini. Mkono wa kwenye picha ulikuwa laini kama yai la kuchemsha. Sura ilikuwa yake, mwili wa mtu mwingine. Na huyo mwingine, maskini, naye ana bibi yake mahali.

Kundi lile lina watu sitini na wawili. Wengi wao walimbeba yule mtoto, walimwogesha, wengine ndio waliomshika nikimfungua bandeji. Mjomba wenu akaandika "Astaghfirullah". Shangazi akaandika "Ndiyo siasa hizo, tulisema". Mmoja akatoka kundini kimyakimya. Hakuna aliyetazama mkono.

Saa nne usiku dada yako naye akatoka kundini, akaunti zake zote akazifunga, na Jumatatu akaenda kuondoa jina. Nilipokuuliza umeipata wapi, ukasema: "Kundi la mpira, Bibi. Mimi nilirusha tu." Ile "tu" yako ndiyo imenikalisha na daftari hili.

Wala sikwambii kama malaika. Mwaka 1972 nilikuwa opereta wa simu. Zamani hizo ukitaka kumpigia mtu wa mkoa mwingine ulipiga kwetu kwanza, ukangoja, sisi tukachomeka waya kwenye ubao, tukakuunganisha. Sharti la kazi lilikuwa moja kubwa: ukishaunganisha, toa sikio. Siku moja sikutoa. Mwalimu wa kike wa shule moja hapa mjini, binti wa miaka kama ishirini na mitatu, alikuwa akizungumza na Morogoro. Nilidaka maneno matatu: mimba, miezi minne, baba hajui. Nikachomoa waya wangu kama mwizi. Jioni, nasukwa nywele, nikamwambia mwenzangu mmoja. Mmoja tu, na nikamwapisha asiseme.

Ngamiani mnaijua, barabara zake zina namba. Neno lilianza barabara ya tano, Jumatano liko ya kumi na mbili, likarudi kwangu Jumamosi limeota mbawa: mwalimu ana mimba ya mume wa mtu, ameshajaribu kuitoa, karibu afe. Niliyelianzisha ni mimi na sikulitambua. Haukupita mwezi yule binti akaacha kazi, akapanda treni asubuhi na sanduku moja. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba mwenye mimba alikuwa mdogo wake, aliyekuwa Morogoro kwa shangazi yao, na dada mtu alikuwa anatafuta namna ya kumwambia baba bila mtoto kupigwa.

Jambo moja linanikereketa hadi leo kuliko yote. Wiki tatu mji mzima ulisema mimba, mimba. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza: ya nani?

Sikwenda popote kusema kwamba nimekosea. Ningepoteza kazi, nilijiambia. Kweli ningepoteza.

Walipotafuta chanzo, wazee walisema ni umbea wa wanawake. Sina cha kukana, nilikuwa mwanamke na nilisukwa nywele. Lakini aliyelipeleka neno hilo kwa wakubwa wa elimu hakuwa msusi. Lilipelekwa na wanaume, waliolipata kwenye bao na kahawa, wakaliita "taarifa". Angalieni lugha yetu ilivyopendelea. Uongo ukitoka uani unaitwa umbea, ukitoka kijiweni unaitwa habari, na siku hizi mwanamume akiusema mbele ya kamera amevaa koti anaitwa mchambuzi. Mwaka 2018 Rais Museveni wa Uganda alitaka watu watozwe kodi kwa kutumia mitandao, akataja umbea kuwa sababu mojawapo, kwa Kiganda chao olugambo. Wakatozwa shilingi 200 za Uganda kwa siku. Umbea haukupungua, waliopungua ni watu wasio na shilingi 200, na nadhani mnajua kati ya mama na baba nani hukosa kwanza.

Na huo umbea wenyewe mimi siudharau. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake TANU mwaka 1955, hakuwa na redio wala gazeti. Alikwenda kwenye vikundi vya lelemama, kwa wapika pombe, kwa wanawake waliozoea kupelekeana habari. Njia zile zile zilizobeba nani kaachika na nani kaolewa zikabeba uhuru. Siasa ya nchi hii imepita uani.

Lakini njia hizo hizo hubeba na mauti. Mume wangu wa kwanza, babu yenu, alikuwa mtu wa reli, akahamishiwa Shinyanga. Nilikaa huko miaka ya themanini mwanzoni. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja mjane, macho mekundu kama pilipili. Kule kuni ni shida, wanawake wanapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya kijumba kisicho na dirisha, miaka hamsini. Macho yatakosaje kuwa mekundu? Lakini macho mekundu kwa mwanamke mzee yalikuwa yameshapewa maana nyingine. Ikasemwa mtoto wa fulani amekufa, ng'ombe wa fulani wametupa mimba, na bibi alionekana akipita. Usiku mmoja wakamfuata na mapanga.

Sitaeleza niliyoyaona asubuhi. Nitaeleza niliyoyaona mwezi wa pili: shemeji zake wakipima shamba kwa hatua, kutoka mwembe hadi korongo. Tangu hapo nikisikia neno baya juu ya mwanamke, swali langu la kwanza ni shamba liko wapi. Msidhani ni hadithi ya zamani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti watu 765 waliouawa nchini mwaka 2013 kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walizidi 500. Hao wote waliuawa na maneno kabla ya panga, na mengi ya maneno hayo yalitembea kwa miguu.

Sasa rudini kwenye picha. Shamba liko wapi? Kiti cha udiwani ni shamba. Mwenye ukurasa wa kwanza ulioiweka naye ana shamba lake, analima macho ya watu: wakitazama wengi anapata matangazo. Dada yako aliniambia wasomi wa chuo cha MIT huko Marekani walifuatilia habari zipatazo 126,000 zilizopita kwenye Twitter tangu 2006 hadi 2017, wakakuta za uongo zina nafasi kubwa zaidi ya kurushwa kuliko za kweli, kwa asilimia 70. Na wanaozirusha zaidi si mashine, ni watu. Mimi sikushangaa. Kweli ya mwalimu wangu ilikuwa hivi: dada anamwonea huruma mdogo wake. Nani angekimbia nayo hadi barabara ya kumi na mbili?

Halafu vishale viwili. Nimefundishwa maana yake: ujumbe umepita mikono mingi, mitano au zaidi, hata umefika kwako. Watu wa WhatsApp waliuwekea kizuizi Aprili 2020, ukitaka kuurusha uende kwa kundi moja moja. Wakasema jumbe za namna hiyo zilipungua kwa asilimia 70. Hebu fikiri, mume wangu. Hawakuwafunga watu midomo. Waliwaongezea tu kazi ya vidole, na robo tatu kasoro ya jumbe zile ikafia njiani kwa uvivu. Enzi zetu telegramu ililipiwa kwa neno. Nimeona mtu amesimama dirishani na fomu, anafuta "sana" kwenye "mama anaumwa sana" ili apunguze senti. Neno likiwa na bei unalipima. Leo una bando, huna mizani.

Lakini tazama pia kinachorushwa. Diwani aliyemaliza muda wake naye alisemwa vibaya mwezi ule ule: barabara hakuchonga, fedha za vikundi hazionekani. Sawa. Hayo anaweza kuyajibu, ana vitabu vya hesabu, alete. Dada yako alisemwa nini? Kitanda. Tumbo. Kwa nini hajaolewa. Mwanamume wanamshika mfuko, mwanamke wanamshika kiuno, na kiuno hakina risiti za kuonyesha. Wala msiseme ni wanaume peke yao. Ile "tulisema" ya shangazi yenu ilimuuma dada yako kuliko picha. Taasisi ya Pollicy ya Kampala iliwahoji wanawake 3,306 wa nchi tano za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, na ripoti yake ya mwaka 2020 ikaonyesha zaidi ya robo yao walikuwa wamefanyiwa ukatili mtandaoni. Wengine walifunga akaunti wakaondoka. Mtu akiondoka hivyo hatuhesabu kwamba amenyimwa uhuru wa kusema, tunasema "amekosa ngozi ngumu".

Najua utakalosema, mume wangu, kwa sababu ulishalisema: "Bibi, huo ni uhuru wa maoni, umo kwenye Katiba." Umo, ibara ya 18, na mimi ni wa kwanza kuutetea. Nimeishi miaka ambayo watu walinyamaza hata chumbani. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inasema anayetoa taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha anaweza kutozwa faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Ukiisoma unadhani dada yako kapata ngao. Alikwenda kituoni, na mimi nilimsindikiza. Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili hadi adhana ya adhuhuri. Kijana wa zamu akaitazama ile picha, akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama tena, kisha akasema tulete kwanza namba ya aliyeitengeneza. Na alipotoka kwenda chai nikamwona kwenye kioo cha mlango anamwonyesha mwenzake. Sheria ya uongo ikishikwa na mwenye nguvu humlinda mwenye nguvu. Mnyonge akiiendea anaambiwa alete namba.

Ndiyo maana sitaki kusikia kwamba dawa ni kufunga. Mmeona wenyewe Oktoba iliyopita, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Je, uvumi ulizimika? Ulirudi miguuni, ukavaa kanzu na kanga, ukaingia kila nyumba. Kwangu peke yangu niliingiziwa habari nne za kifo cha mtu mmoja, na mama yenu hakulala kwa sababu hakuweza kumpata kaka yake Dar es Salaam. Mtu aliyefungiwa taa hushika kila anachokigusa. Mwaka 2020 takwimu za korona zilipokoma kutangazwa tukiwa na wagonjwa 509, ndipo sauti za WhatsApp zilipoanza kutufundisha dawa, kila daktari na limau lake. Nami nilijifukiza, sikatai. Nilitoka chini ya blanketi nimeiva kama muhogo.

Uhuru ninaoutaka mimi niliufunzwa na kanga. Kanga ina jina, ule mstari wa maandishi chini, na kwa mji huu jina la kanga ni ulimi. Mama yenu mdogo alipoletewa maneno na jirani, alinunua doti ya "Usisafirie nyota ya mwenzio", akaifunga, akapita mlangoni kwa yule mama mara tatu, kwenda sokoni, kurudi, na kwenda tena kuchukua chumvi aliyoisahau makusudi. Hakumtukana. Hakuna polisi angeweza kumkamata. Lakini alilipia kanga ile kwa fedha yake, akaivaa mwilini mwake, na uso wake ulikuwa juu ya maneno yake. Jirani akajibu wiki iliyofuata kwa doti yake. Wakaendelea hivyo hadi Ramadhani, wakachoka, wakapelekeana futari. Aliyebandika sura ya dada yako hakuwa na uso. Na wewe, mume wangu, ulimwazima wako. Kundini picha haikutoka kwa mtu asiyejulikana. Ilitoka kwa mjukuu wangu, ndiyo maana watu sitini waliiamini.

Mlisoma chuoni wote wawili, kisa cha Bibi Aisha mnakijua. Alibaki nyuma akitafuta mkufu wake, msafara ukaondoka, kijana akamkuta akamrudisha, na maneno yakaanza. Karibu mwezi mzima yalimla, mke wa Mtume, hadi Aya za Suratu Nnur zikashuka kumtakasa. Shehe akikisoma kisa hiki huishia kwenye mashahidi wanne. Mimi humfikiria zaidi yule mama wa nyumbani aliyepitishiwa neno lile mwezi ule, akalisikia, akaendelea kuchambua mchele wake, neno likafia kwake. Jina lake halikuandikwa popote. Naamini alikuwepo.

Basi nakuagizeni.

Mume wangu, kesho kabla hujanywa chai, fungua kila kundi ulilopeleka ile picha. Kundi la ukoo, na lile la wenzako wa kazini, ambalo ulidhani silijui. Andika kwa jina lako: picha niliyoweka Julai ilikuwa ya kutengenezwa, sikuichunguza, dada yangu ana kovu mkono wa kushoto. Usitie "samahani kama kuna aliyekwazika". Aliyekwazika anajulikana. Watakucheka, vikatuni vitakuja. Vihesabu, kisha ujue yeye alipewa vingapi. Halafu nenda kwake kwa miguu, si kwa simu, ukamkute kazini au nyumbani, na kama hakufungulii keti barazani.

Mke mwenzangu, wewe sikuagizi kugombea tena. Hilo ni lako, na wanaokwambia "jipe moyo" hawajawahi kubandikwa. Nakuomba kitu kimoja kidogo: fungua tena ule ukurasa uliokuwa unaweka bei za nyanya na vitunguu za soko la Mgandini. Wale mama wa genge hapa mtaani wamerudi kulanguliwa na madalali, wananiuliza kila Jumanne.

Simu yangu, namba ya siri ni mwaka aliozaliwa mama yenu. Kwenye kundi la ukoo nitoeni siku ya tatu, msiniache humo naletewa "Ijumaa Karim" kama mzimu.

Mwisho kuna sanduku la bati chini ya kitanda. Chini kabisa, chini ya doti zile ambazo hazijakatwa, kuna bahasha ya kaki. Juu yake kuna jina la yule mwalimu wa 1972. Ndani nimeandika kurasa mbili, na hizo sikuyumba. Sikupata anwani. Akiwa hai anakaribia miaka themanini. Mdogo wake alibaki Morogoro, na mtoto yule aliyekuwa tumboni leo ni mtu wa miaka hamsini na tatu. Nauli nimeiweka humo humo, ya watu wawili. Nendeni pamoja. Mkimkuta, mwacheni aisome mwenyewe, na akitaka kusema neno juu yangu mwacheni aseme lote.

Bibi yenu